SOMO LA AGARI: JINSI YA KUPATA MBEGU SAFI YA UYOGA NYUMBANI



Katika somo hili tutajifunza habari ya agari, na namna inavyomsaidia mtu kulima uyoga nyumbani kwake. Wengine watauliza, "Uyoga una uhusiano gani na kitabu cha afya?" Uhusiano upo. Uyoga unaingia katika chakula chetu, na tena unaweza kuingiza sumu katika nyumba zetu. Na kazi ya agari inafundisha jambo lile lile ambalo waganga na wauguzi wanalifundisha kila siku: usafi ni nini, na vijidudu vinapita njia gani. Someni polepole. Mkifika mwisho, jibuni maswali.

1. KWA NINI TULIME UYOGA?

Hapa Kampene, na katika teritwari yote ya Pangi, watu wanapenda uyoga. Mvua ikianza kunyesha, mama na watoto wanaingia msituni, wanarudi na vikapu. Uyoga unapikwa kwa mawese na chumvi, unaliwa na bugali au wali. Ni kitoweo kizuri.

Lakini kuna shida tatu. Shida ya kwanza: uyoga wa msitu una majira yake. Majira yakipita, vikapu vinarudi vitupu. Shida ya pili: kuna uyoga unaoua. Mwenye kuokota akikosea mara moja, jamaa nzima inaweza kulala kitandani. Shida ya tatu: mbegu ya uyoga wa kulima inatoka mbali. Barabara ina matope, gari linakwama, na mbegu inaoza ndani ya mfuko kabla ya kufika. Fikirini mama mjane ambaye amelipa franga zake kwa chupa mbili za mbegu, naye anafungua na kukuta kuvu ya kijani na harufu mbaya. Franga zimekwenda, na nyumbani hakuna kitoweo.

Agari ni dawa ya shida hii ya tatu. Mtu anayejua kuitumia anaweza kutoa mbegu mpya katika uyoga mmoja mzuri, akaitunza mwenyewe, bila kungoja gari.

Tusidanganyane juu ya nguvu ya uyoga. Katika grama 100 za uyoga mbichi, karibu 90 ni maji, na kama 3 tu ni chakula cha kujenga mwili. Grama 100 za maharagwe makavu zina zaidi ya 20. Basi uyoga peke yake hauwezi kumponya mtoto mwenye bwaki, ugonjwa ambao waganga wanauita kwashiorkor. Mtoto huyo ahitaji kupelekwa hospitali, naye ahitaji maziwa, samaki, mayai, maharagwe na karanga. Uyoga ni wa kuongeza katika sahani. Tena unaweza kuuzwa sokoni, na bei yake ikanunua samaki na mayai hayo.

2. MWILI WA UYOGA UKO WAPI?

Kile tunachokiona juu ya gogo, chenye kofia na shina, ni kama tunda. Mwili wenyewe wa uyoga ni nyuzi nyembamba nyeupe, zinazotambaa ndani ya mti unaooza, zikila mti huo. Gogo likipasuliwa, mtaziona, kama pamba iliyotandazwa. Nyuzi zikishiba, zikapata maji na hewa, zinatoa tunda lao nje. Chini ya kofia tunda linatoa vumbi jepesi sana, na kila chembe ya vumbi hilo inaweza kuota nyuzi mpya.

Basi mkulima wa uyoga analima nyuzi kwanza. Mbegu inayouzwa katika chupa ni nafaka iliyopikwa, ambayo nyuzi nyeupe zimeienea yote.

Mchwa walijua kazi hii kabla yetu. Ndani ya kichuguu kikubwa, mchwa wanatafuna majani na miti, wanajenga kitu kama sega la nyuki, na juu ya sega hilo wanalima nyuzi za uyoga wao. Kuvu nyingine ikitaka kuingia, wanailinda bustani yao isiingie. Mvua ikija, uyoga wa kichuguu unatokea nje, nasi tunauokota kwa furaha. Lakini msijaribu kuulima huo nyumbani. Uyoga ule hauzai vizuri pasipo mchwa wake. Uyoga wa kulima nyumbani ni ule unaoota juu ya magogo kwa mafungu, kofia zake zimekaa kama masikio, shina lake liko upande. Katika Tanzania wanauita uyoga mamama. Huo unakubali majani makavu ya mpunga, nasi katika Maniema tunalima mpunga.

3. AGARI NI NINI, NA ILITOKA WAPI?

Agari inatoka katika mwani mwekundu wa bahari. Mwani unachemshwa, maji yake yanachujwa na kukaushwa. Inauzwa kama unga mweupe au kama nyuzi kavu, kwa watu wanaouza vyombo vya maabara, tena katika maduka ya vyakula vya watu wa Asia, kwa maana wao wanaila. Katika Japani walianza kuitengeneza zaidi ya miaka 300 iliyopita, wapike vyakula vitamu vinavyoganda.

Wengine wamesikia ya kuwa Unguja wanalima mwani. Ni kweli. Tangu mwaka wa 1989 wanawake wengi wa Unguja wanaufunga mwani katika kamba baharini na kuuvuna. Lakini mwani ule unatoa utomvu mwingine unaogandisha, unaoitwa karajini. Ni kama ndugu wa agari, lakini si agari yenyewe.

Namna agari ilivyoingia katika maabara ni habari nzuri, kwa maana ilitoka jikoni kwa mama. Mwaka wa 1881 mganga mmoja Mjerumani, Walther Hesse, alifanya kazi Berlin katika maabara ya Robert Koch. Walitaka kuotesha vijidudu juu ya kitu kigumu, wavione kimoja kimoja. Walitumia jelatini, inayotoka katika mifupa na ngozi za wanyama. Lakini siku za joto jelatini iliyeyuka, na vijidudu vingine viliila ikawa maji. Kazi ikaharibika. Mke wake, Fanny Hesse, ndiye aliyemwambia atumie agari. Yeye aliitumia jikoni kugandisha vyakula vyake, na haikuyeyuka katika joto. Alikuwa ameipata habari yake kwa watu waliokaa Java. Walijaribu, ikafaa. Mwaka wa 1882 Koch alitangaza kijidudu cha kifua kikuu, na katika maandiko yake alitaja agari. Jina la mama yule hakulitaja.

Robert Koch huyo alifika hata kwetu katika Afrika. Mwaka wa 1906 na 1907 alikaa katika visiwa vya Sese, katika ziwa Victoria, upande wa Uganda, akitafuta dawa ya malale.

Sasa angalieni tabia ya agari. Inayeyuka katika maji yanayochemka. Ikipoa karibu na joto la mwili wa mtu, inaganda. Ikiisha kuganda, haiyeyuki tena mpaka ifike karibu na digrii 85. Kwa hiyo jua letu haliwezi kuiyeyusha. Tena nyuzi za uyoga hazili agari. Agari ni nyumba tu. Chakula ni kile tunachokitia ndani yake, ndicho viazi na sukari.

4. KWA NINI TUSIANZE NA NAFAKA MARA MOJA?

Kwa sababu ndani ya chupa ya nafaka hatuoni vizuri. Kuvu mbaya inaweza kujificha katikati ya punje, nasi tukafikiri mbegu ni safi, mpaka mifuko yote imeharibika. Lakini agari ni kama sahani iliyo wazi mbele ya macho. Kila kitu kilichoanguka juu yake kinaota mahali pake, na rangi yake inaonekana. Kilicho safi tunakichukua, kichafu tunakiacha.

Hapa kwetu jambo hili ni kubwa. Msitu una unyevu, na hewa imejaa chembe za kuvu. Viatu vya ngozi vikiachwa pembeni siku chache, vinaota. Chembe hizo ziko mikononi, katika nguo, katika nywele, na katika pumzi ya mtu anayesema. Hatuzioni, lakini tukiacha chupa ya agari wazi kwa dakika chache tu, baada ya siku tatu tutaziona zimeota.

5. VYOMBO VINAVYOHITAJIWA

Tayarisheni vitu hivi:

(a) Chupa ndogo za kioo zenye mdomo mpana, na vifuniko vyake. Chupa mpya, au zile zilizokuwa na chakula, zikioshwa vizuri. Msichukue kamwe chupa wala sahani zilizotumika katika maabara ya hospitali. Juu ya agari ya hospitali wanaotesha vijidudu vya wagonjwa.
(b) Sufuria ya presha. Pasipo hiyo, sufuria kubwa yenye kifuniko kizuri.
(c) Sanduku la kufanyia kazi, la plastiki inayopitisha mwanga, lenye matundu mawili ya kuingiza mikono. Kazi ya sanduku ni kuituliza hewa, vumbi lisiruke.
(d) Kisu kidogo chembamba, taa ya alkoli, pamba safi, sabuni na alkoli ya dawa ya 70 kwa mia.
(e) Mizani ndogo.

6. KUPIKA AGARI

Kwa nusu litri ya maji chukueni:

Viazi vya Kizungu grama 100
Sukari grama 10
Unga wa agari grama 10

Menyeni viazi, mkate vipande vidogo, mchemshe katika maji kwa dakika 20. Chujeni kwa kitambaa safi. Maji ndiyo tunayoyataka. Viazi wapeni watoto wale. Ongezeni maji mengine mpaka ifike tena nusu litri. Tieni sukari na agari, mrudishe motoni, mkikoroga sana, kwa maana agari inapenda kushika chini na kuungua. Ikiisha kuyeyuka yote, maji yanakuwa mazito kidogo na yanang'aa.

Ikiwa hakuna viazi vya Kizungu, viazi vitamu vinafaa pia.

Mimineni katika chupa kidogo kidogo, kina cha vidole viwili tu. Nusu litri inatosha chupa 25, kila moja mililitri 20. Fungeni kwa pamba au kwa kifuniko kilicholegea. Angalieni sana: chupa iliyokazwa kifuniko ikitiwa motoni inaweza kupasuka na kuumiza macho.

7. KUUA VIJIDUDU

Pangeni chupa ndani ya sufuria ya presha, juu ya kitu cha kuzinyanyua, maji yakae chini yake. Funikeni pamba kwa karatasi ya aluminiamu isilowe. Mvuke ukianza kutoka kwa nguvu, hesabuni dakika 30. Ndani ya sufuria hiyo joto linafika digrii 121, ambalo maji ya kawaida hayawezi kulifikia. Ondoeni motoni, mngoje presha ishuke yenyewe. Mtu akifungua kwa haraka, mvuke utamchoma uso.

Mtu asiye na sufuria ya presha atafanyaje? Chembe nyingine za vijidudu zina ganda gumu, hazifi katika maji yanayochemka. Mwaka wa 1877 Mwairishi John Tyndall alionyesha njia. Pikeni chupa kwa mvuke nusu saa siku ya kwanza, mziache mahali pa joto mpaka kesho. Usiku ule chembe zilizosalia zinaota, nazo zikiota ganda lao gumu linaisha. Siku ya pili pikeni tena nusu saa, zilizoota zinakufa. Siku ya tatu fanyeni vile vile, kwa ajili ya zile zilizochelewa. Kazi ni ya siku tatu, kuni zinaliwa nyingi, lakini inafaa. Msiruke siku hata moja.

Chupa zikiwa zingali moto, zilazeni upande, agari igande kwa mtelemko. Hivyo nafasi ya kuotesha inakuwa kubwa. Ziacheni siku tatu kabla ya kupanda. Chupa ambayo imeota kitu kabla ya kupandwa, itupeni, haikuiva vizuri.

8. KUPANDA KIPANDE CHA UYOGA

Chagueni uyoga mchanga, mzuri, usiolowa maji, usio na wadudu, mliouvuna asubuhi ile. Utoke katika shamba la mtu mnayejua mbegu yake. Msitwae uyoga wa msitu ambao hamna hakika nao kabisa. Agari haisafishi sumu. Uyoga wa sumu ukipandwa juu ya agari, utazaa uyoga wa sumu.

Fungeni mlango na madirisha. Wasipite watoto wala kuku. Ogeni mikono mpaka viwiko kwa sabuni, mvae nguo safi, mfunike nywele na mdomo. Futeni ndani ya sanduku kwa alkoli, mngoje ikauke kabisa kabla ya kuwasha taa. Alkoli mbichi na moto vikikutana katika sanduku, ni mikono yenu itakayoungua. Taa ikae nje ya sanduku, karibu na tundu. Wala msichanganye alkoli na maji ya javeli, kwa maana mchanganyiko huo unatoa hewa ya sumu.

Kisha fanyeni hivi, bila kusema maneno:

Kwanza, chomeni ncha ya kisu mpaka iwe nyekundu. Ingizeni kisu katika sanduku, mkiache kipoe.

Pili, pasueni uyoga kwa vidole, kuanzia shina. Msiukate kwa kisu, kwa maana kisu kinachukua uchafu wa nje na kuupeleka ndani. Nyama ya ndani ni safi. Haijaguswa na hewa.

Tatu, kwa kisu kile ondoeni kipande cha ndani, pale kofia inapokutana na shina. Kiwe kidogo kama punje ya mchele. Kipande kikubwa kinaleta uchafu mwingi.

Nne, fungueni chupa kidogo, wekeni kipande katikati ya agari, mfunge upesi.

Tano, andikeni juu ya chupa siku na jina la uyoga.

Pandeni chupa sita au nane kwa mara moja. Wala msivunjike moyo zikiharibika mbili au tatu.

9. KUTAZAMA KILA SIKU

Wekeni chupa kabatini, mahali penye giza na pasipo jua. Joto la nyumba zetu linatosha. Siku ya pili au ya tatu kipande kitaota manyoya meupe. Baada ya juma moja au mawili nyuzi zitaenea juu ya agari yote.

Katika kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 14, tunasoma habari ya nyumba yenye madoa ya kuvu. Kuhani aliifunga siku saba, kisha akarudi kuitazama kama madoa yameenea. Hata sisi tunafanya vivyo hivyo: tunafunga, tunangoja, tunatazama, ndipo tunaamua. Tazameni rangi:

Nyeupe, yenye nyuzi zinazonyoka kutoka katika kipande: ni nzuri.
Kijani, au nyeupe inayogeuka kijani: ni kuvu ya adui.
Nyeusi, kama vichwa vya pini: ni kuvu.
Rangi ya machungwa, inayokimbia na kujaza chupa kwa siku mbili: ni kuvu mbaya sana, inaingia hata katika chupa za jirani.
Utelezi unaong'aa, kama kamasi, wenye harufu: ni bakteria.

Chupa yenye kuvu au utelezi msiifungue kuinusa. Ipikeni ikiwa imefungwa vile vile kwa pamba katika sufuria ya presha dakika 30, kisha mfukie vilivyomo shimoni, mbali na kisima.

Kama chupa ina doa dogo upande mmoja, na upande wa pili nyuzi ni nyeupe na safi, na hamna chupa nyingine, mnaweza kukata kipande kidogo kwenye ncha ya nyuzi zile, mbali na doa, mkakihamisha kwenye agari mpya. Fanyeni hivyo kabla kuvu haijatoa vumbi lake. Hapo ndipo faida kubwa ya agari inapoonekana: inatupa nafasi ya kutenga kisafi na kichafu. Lakini ikiwa mna chupa safi, tumieni safi.

10. KUTOKA AGARI MPAKA SAHANI

Nyuzi zikiisha kuijaza agari, tunazihamisha katika nafaka. Chukueni mtama, mwuoshe, mwuchemshe mpaka ulainike lakini usipasuke. Umwageni juu ya kitambaa, mwuache mpaka nje ya punje pawe pakavu. Jazeni chupa theluthi mbili, mfunge kwa pamba, mpike katika presha saa moja na nusu. Ikiisha kupoa, ndani ya sanduku lile lile, tieni kipande cha agari chenye nyuzi, ukubwa wa ukucha. Tikiseni chupa nyuzi zikianza kuenea. Baada ya majuma mawili au matatu mtama wote ni mweupe. Hiyo ndiyo mbegu.

Sasa kateni majani makavu ya mpunga vipande vya urefu wa vidole viwili, myatie katika gunia, myazamishe katika pipa la maji ya moto, digrii 70 au 80, kwa saa moja na nusu. Yatoeni, yachuje maji. Mkiyakamua mkononi, yatoe matone machache tu. Changanyeni kilo moja ya mbegu kwa kilo 20 za majani yaliyolowa, myatie katika mifuko ya plastiki, mtoboe matundu. Iwekeni mifuko gizani majuma matatu mpaka iwe myeupe. Ndipo muipeleke mahali penye hewa, mwanga kidogo na unyevu, mkinyunyizia maji kuta na sakafu. Uyoga utatokea kwenye matundu. Mfuko mmoja unaweza kuvunwa mara mbili au tatu.

Chupa moja au mbili za agari msizitumie. Ziwekeni akiba mahali pa baridi. Hizo ndizo ghala yenu. Lakini msihamishe nyuzi kutoka agari mpaka agari mara nyingi mno. Mbegu inachoka, inaota polepole, inazaa kidogo. Mkiona hivyo, anzeni tena kwa kipande cha uyoga mzuri.

11. MAMBO YA HATARI YASIYOSAHAULIWA

Juu ya kuvu ya kijani. Mtama ulioharibika, msiuoshe mkaula, wala msiwape kuku. Kuvu nyingine zinatoa sumu ya ini, na moto wa jikoni hauimalizi. Mwaka wa 2004, katika Kenya mashariki, watu 317 waliugua na 125 walikufa kwa kula mahindi yaliyokuwa na sumu ya kuvu. Hii ni habari ya kila nyumba, hata isiyolima uyoga: karanga na mahindi yenye kuvu yatupeni.

Juu ya kifua. Uyoga ukikomaa sana, kingo za kofia zinainuka, unamwaga vumbi jingi jeupe. Mwenye kulivuta kila siku anapata kikohozi, homa na kubanwa kifua. Basi vuneni kabla kingo hazijainuka, na mvae kitambaa mdomoni. Msilime uyoga katika chumba cha kulala. Mwenye pumu, au mwenye ugonjwa wa mapafu, asiifanye kazi ya kuvuna. Mwenye kukohoa majuma mawili au zaidi, asiseme ni uyoga tu. Aje hospitali apimwe makohozi.

Juu ya uyoga wa sumu. Watu wengine wanasema uyoga ulioliwa na wadudu ni salama. Si kweli. Wengine wanatia kipande cha fedha katika chungu, wakitazama kama kitageuka cheusi. Ni uongo. Wengine wanasema kuchemsha na kumwaga maji kunaondoa sumu yote. Sumu iliyo mbaya kuliko zote haiondoki kwa kuchemsha wala kwa kukausha. Tena ina hila. Mtu anakula leo, anaanza kutapika na kuhara baada ya saa sita au zaidi, hata kesho yake. Kisha anapata nafuu kidogo, jamaa wanafurahi. Lakini wakati ule ini linakufa, na siku ya tatu au ya nne macho yanakuwa ya manjano, na mtu anaweza kufa. Kwa hiyo mtu akitapika baada ya kula uyoga, msingojee. Mleteni hospitali mara ile ile, hata kama anasema amepona, na wote waliokula naye. Leteni na mabaki ya uyoga, mbichi au uliopikwa, mganga auone.

12. MAMBO YA KUWEKA MOYONI

Kazi hii haihitaji elimu ya juu, lakini inahitaji uvumilivu. Anayefanya kwa haraka atavuna kuvu. Afadhali watu watatu au wanne washirikiane: mmoja mwenye sufuria ya presha, mmoja mwenye mkono mtulivu wa kupanda, wengine wenye majani ya mpunga na kibanda. Na yale mnayoyafanya kwa ajili ya chupa, yafanyeni na kwa ajili ya watoto wenu. Mikono iliyooshwa kabla ya kugusa agari, ioshwe na kabla ya kumlisha mtoto. Maji yaliyochemshwa kwa ajili ya uyoga, yachemshwe na kwa ajili ya kunywa. Vijidudu vinavyoharibu chupa tunaviona baada ya siku tatu. Vile vinavyoingia katika kikombe cha mtoto hatuvioni mpaka ameanza kuhara.

MASWALI

1. Mwili wa uyoga ni nini, na tunda lake ni nini?
2. Kwa nini Fanny Hesse alishauri agari badala ya jelatini?
3. Agari ni chakula cha uyoga au ni nyumba yake? Chakula ni nini?
4. Mtu asiye na sufuria ya presha anaua vijidudu kwa njia gani? Kwa nini siku tatu?
5. Kwa nini tunapasua uyoga kwa vidole, wala hatuukati kwa kisu?
6. Mmeona rangi ya machungwa ndani ya chupa. Mtafanya nini?
7. Jirani amekula uyoga jana, akatapika usiku, leo anasema amepona. Mtamwambia nini?
8. Tajeni jambo moja la usafi katika somo hili mtakaloanza kulifanya nyumbani juma hili.